Kiti cha Mbele Kando ya Rwizi

Kwetu Kivu ya Kusini, mama mkwe na mkwe wake wa kiume hawakai kiti kimoja. Hawali pamoja, hawashikani mikono, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye majani mpaka mwenzake apite. Si chuki hiyo, ni heshima, tena ile kubwa. Nililelewa hivyo na nikawalea wanangu hivyo hata hapa Juru, kwenye kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako siku hizi watu wanawakumbatia wakwe zao mlangoni mwa kanisa bila hata kupepesa macho. Mimi hayo siyawezi.

Binti yangu alijifungua mjini Mbarara, mtaa wa Kakiika anakoishi na mumewe, nami nikaenda kumwogesha mtoto. Mchana nilishinda kwao. Usiku nililala kwa dada mmoja wa kanisa, jirani yao, kwa sababu kulala chini ya bati moja na mkwe ni jambo ambalo hata kulitaja naona haya. Mkwe akirudi kazini kwa mlango wa mbele, mimi natoka kwa mlango wa nyuma. Nadhani aliujua mgongo wangu kuliko uso.

Yeye anaendesha gari la kukodi. Ni Mkongomani kama sisi, ila aliingia Nakivale akiwa mdogo sana, bila baba wala mama, akalelewa na waumini, leo nyumba hii, kesho ile. Siku yangu ya kurudi ilipofika, alimtuma binti yangu aniambie kwamba hanipandishi basi. Atanirudisha mwenyewe, na hatutapita njia ya kila siku. Tutaufuata mto Rwizi mpaka kwenye maziwa ili nione uzuri wa nchi. Miaka yote niliyokaa Uganda, uzuri niliouona ni mistari ya maharage yangu. Nilikubali, nikijua nitakaa nyuma.

Nyuma kulikuwa kumejaa. Binti yangu alikuwa amekaa na mtoto, na pembeni yake wamepanga mikungu ya ndizi hadi dirishani. Mkwe alifungua mlango wa mbele, amevaa shati la Jumapili.

"Mama, mukae hapa. Hii fasi ndiyo munaona mayi muzuri."

Nilimtazama binti yangu, binti yangu akatazama ndizi. Majirani walikuwa wametoka kutuaga. Ningefanyaje? Nilipanda, nikajibana mlangoni, nikajifunika kitenge mpaka kidevuni. Kila alipobadilisha gia, mkono wake ulikaribia goti langu, nami nilivuta goti. Daraja la mjini tulilivuka, maji ya kahawia yakipita chini na vijana wakiosha pikipiki ukingoni, lakini ukiniuliza mto ulikuwa na upana gani siwezi kukwambia. Niliogopa kugeuza shingo.

Mbele kidogo askari wa barabarani alitusimamisha. Aliinama dirishani.

"Wewe mama, funga mukanda. Hapana cheza na sheria."

Mkanda wenyewe sikujua unaanzia wapi. Niliupapasa, nikavuta kitu kingine, kiti kikalala pamoja nami, miguu juu. Askari alicheka. Mkwe wangu alikiinua kile kiti, akapitisha mkono mbele ya kifua changu mimi, mama wa mke wake, akanifunga mkanda. Niliomba ardhi ipasuke. Nilifumba macho, na machozi ya haya yalinitoka hivyo hivyo.

Yeye hakuyaona. Alianza kunionyesha. Mafunjo yamejaa bondeni, na mto unapotea ndani yake kisha unatokea mbali ukimeta. Korongo wenye taji walitembea mashambani kwa madaha. Ng'ombe wa pembe ndefu walishuka kunywa maji. Kila alichonionyesha, nilijibu nikielekea nyuma, "Mwambie nimeona." Binti yangu alisema, "Mama anasema ameona," na mtu mwenyewe yuko hapo, bega kwa bega nami. Mwanzoni alicheka. Baadaye aliacha kucheka, na mwisho aliacha kuonyesha.

Tulipofika kilimani juu ya ziwa moja alisimamisha gari, nikashuka. Viboko walikuwa majini, migongo tu nje, na tai mmoja alilia juu ya mti mkavu. Palikuwa pazuri, sitadanganya. Alinunua mahindi ya kuchoma kwa mama mmoja kando ya njia, akaniletea langu kwa mikono miwili. Nililipokea nikitazama chini, nikalifunga kwenye kitenge.

Alibaki amesimama mbele yangu.

"Mama, miye sina mama," alisema. Sauti haikuwa ya ugomvi. "Hakuna mutu alinifunzaka kitu. Kwangu hamulale, chakula yangu hamukule, hata jina yangu hamuite. Kama munanikatala juu sina jamaa, muniambie tu."

"Nilimuelezaka kama ni heshima, mama," binti yangu alisema kutoka ndani ya gari. "Anazani ninamufariji tu."

Haya ya mkanda haikuwa kitu. Hii ilikuwa nzito kuliko ile. Heshima yangu yote, ile niliyoibeba kutoka Kongo nikaacha masufuria, huyu mtoto wa watu alikuwa ameila kama matusi tangu siku aliyomwoa binti yangu. Nilitaka kumweleza. Lakini kwetu mambo hayo huelezwa na shangazi na wajomba, naye hakuwa na hata mmoja.

Nikalifungua hindi.

Nilimega punje chache, nikatia mdomoni, nikatafuna. Mbele ya mkwe. Taya zilikuwa nzito, jasho lilinishuka shingoni, punje nyingine zikadondoka mchangani. Nilijiona uchi. Sikuacha. Nilitaka aone kwamba nakula, na wakati huo huo nilitamani asione.

Alinitazama kidogo. Kisha, bila kuambiwa na mtu, alinigeuzia mgongo, akasimama akiangalia viboko mpaka nilipomaliza.