Siku Fundi Mwijage Alipoitwa Mwizi

Georgina alipostaafu unesi, kiinua mgongo chake kiliishia kwenye vitu viwili: bati jipya la nyumba yake ya Nyanga, mjini Bukoba, na gari dogo la umeme lililokwisha kutumika Japani. Majirani walimcheka, lakini hesabu zake alishazipiga. Kila Jumamosi alikwenda Muleba kumwogesha mama yake na kumfulia, na petroli ya safari hizo ilikuwa inammaliza. Chaja akaifunga ukutani, chini ya dirisha la jikoni, na maisha yakaenda.

Mwezi wa tatu, baada ya radi, umeme ulirudi kwa kishindo. Chaja ikatoa moshi, ikazima.

Avit, mdogo wake, ndiye aliyesema anamjua fundi. Huyu Avit Georgina alimsomesha kuanzia kidato cha kwanza hadi chuo, kwa posho za zamu za wodini. Hata suti ya harusi alimnunulia yeye. Kwa hiyo Avit aliposema, "Dada, usihangaike, mambo yote pitishia kwangu," dada hakuhangaika.

Fundi alikuwa Mwijage wa Hamugembe, mtu mzima, mkimya. Alifanya kazi siku moja na nusu, chaja ikawaka. Baada ya siku mbili Avit akaleta karatasi iliyoandikwa kwa mkono. Jumla: laki nane na sabini.

"Bodi mpya ya chaja, laki tatu na tisini?" Georgina akauliza.

"Vifaa hivyo havipatikani Bukoba, dada. Vinaagizwa Dar."

Akampa laki nne ampelekee fundi. Iliyobaki, akasema, haitoki mpaka aione ile bodi mbovu iliyotolewa.

Wiki tatu zikapita. Kila akimuuliza Avit, jibu ni kwamba fundi ameshaitupa. Hasira za Georgina zote zikamwendea Mwijage. Alimsema kwenye jumuiya baada ya sala, akamsema dukani na kisimani. Siku Mwijage alipompigia simu kudai chake, alimjibu, "Huna hata aibu!" akakata. Mwijage akaenda kumshitaki kwa mwenyekiti wa mtaa.

Mzee Ildefons, mwenyekiti, aliwakalisha barazani kwake. Majirani wanne, watano, walikuwapo.

"Mzee, huyu ni mwizi," Georgina alianza. "Ameniandikia bodi ambayo hakuifunga."

"Bodi gani, mama?" Mwijage akauliza.

"Usinichezee!"

Mwijage akafungua mkoba, akatoa kitabu chake cha risiti na kukiweka mezani. "Mimi nilibadilisha swichi kubwa ya ndani na waya, nikachimbia upya nondo ya ethi, ile ya kupeleka umeme wa radi ardhini. Laki nne na themanini, na ufundi humo humo. Avit amenipa laki moja na nusu. Akaniambia nivumilie, dada yake ni mgumu kulipa."

Georgina alivaa miwani, akasoma nakala ya risiti yake. Akairudia.

Mzee Ildefons akampigia Avit, akaweka simu kwenye spika.

"Dada, hayo si ya kuongea mbele za watu," Avit akasema.

"Bodi iko wapi, Avit?"

"Kilikuwa cha juu tu, dada. Kila mtu anakula cha juu. Na wewe pensheni unayo."

Hapo hapo Georgina alimtumia Mwijage laki tatu na thelathini zake kwa simu, kisha akasimama kumwomba radhi.

"Nimekusamehe, mama," Mwijage akasema huku akifunga mkoba. "Lakini nimenyimwa kazi tatu hapa Nyanga kwa ajili ya maneno yako. Na hao nao watanisikia mimi?"

Ikabidi Georgina aende mwenyewe. Alipita nyumba hizo tatu kwa miguu, akieleza kwamba mwizi si fundi bali ni ndugu yake wa tumbo moja. Wawili walishachukua mafundi wengine. Wa tatu, Alistidia, alicheka mpaka akajifuta machozi. "Yule yule uliyekuwa ukitamba naye hapa kila siku?"

Jumamosi Georgina alikwenda Muleba kama kawaida. Alipomaliza kumvalisha mama, Avit akaingia na kilo mbili za nyama, kama Jumamosi zote, akasalimia, akakaa. Ndizi na maharage vikaletwa, na nyama ilipoiva ikaletwa.

Georgina hakunawa mikono.

"Mna nini ninyi, waitu, wanangu?" mama akauliza.

Georgina akamtazama mdogo wake, akamngojea aseme mwenyewe.

"Dada amechoka tu, mama," Avit akasema, akachukua mfupa.

Georgina akainuka, akabeba shuka za mama, akatoka nje kufua. Tangu siku hiyo huenda Muleba siku za Jumatano.