Nilinunua Gari la Watoto Wawili, Nyumbani Wapo Watatu

Nitukaneni tu. Anzeni hata kabla hamjamaliza kusoma, maana hili nililolifanya sikusukumwa na shetani wala sikuwa nimelewa. Nilikaa, nikafikiri, nikachagua. Nilichagua vibaya huku najua.

Jina sitaji. Ni mwanamume wa miaka arobaini na ushee, wakala wa kutoa mizigo hapa mpakani Tunduma. Kwetu Kondoa. Nilikuja huku kutafuta maisha na maisha nikayapata, nyumba ninayo, iko kitongoji cha Mpemba nje kidogo ya mji, ya vyumba vinne. Leo ninavyoandika, vyumba vitatu nimevifunga na mimi nalala sebuleni kwenye kochi, kwa sababu kule ndani kimya kimenishinda.

Ngoja nianze vizuri.

Mke wangu ni nesi, Mndali wa milima ya Ileje. Nilipomwoa alikuwa na mtoto wa kike wa mwaka mmoja, baba yake alifariki mimba ikiwa bado changa. Mtoto huyo nitamwita Tumpe, si jina lake. Mimi Mwislamu, yeye Mkristo, tukafunga ndoa ya bomani, na siku ile nilisema mwenyewe mbele ya watu: "Huyu mtoto ni wangu." Wanawake wakapiga vigelegele. Na wallahi sikuwa nadanganya, siku ile nilimaanisha.

Tatizo likaanzia kwenye kuitwa. Si mnajua desturi zetu, mtoto wa kwanza ndiye anayewapa wazazi jina? Basi mtaa mzima ukaniita Baba Tumpe. Dukani Baba Tumpe, msikitini Baba Tumpe. Mwanzoni niliitika vizuri tu. Halafu akazaliwa Swedi, akafuata Zuhura, damu yangu kabisa, na watu bado Baba Tumpe! Nikawa kila nikiitwa nahisi kuna mtu pembeni ananicheka. Nikaanza kuwarekebisha: "Mimi Baba Swedi."

Mama Salma, jirani yetu, mwanamke wa Tanga mwenye mdomo wake, akanijibu mbele za watu: "He! Kwani Tumpe kashuka na mvua?"

Wakacheka. Nikanuna wiki nzima. Mke wangu tangu hapo akaacha kuniita jina lolote. Akitaka kuniita anasema "samahani", kama mtu anayemsimamisha mpita njia.

Sasa likaja suala la gari. Zuhura ndiyo kwanza anatambaa, Swedi ana miaka miwili na nusu, Tumpe mitano. Mambo yalikuwa yamenikalia vizuri, nikasema nanunua gari la familia, tuache kusumbuana vituoni na watoto migongoni.

Mke wangu alifurahi, lakini akaweka sharti. Kazini kwake amepokea majeruhi wengi wa barabara hii kubwa, amewaona watoto waliochomoka mikononi mwa mama zao. Akaniambia, "Mtoto hapakatwi garini. Likifunga breki ghafla, mikono ya mama haina nguvu hiyo. Kila mtoto na kiti chake, na mkanda wake." Viti hivyo vya watoto alikwishaviona upande wa pili wa mpaka, Nakonde ya Zambia, kwenye mitumba. Alikwenda akavipanga vitatu pale chini, akachana utepe wa kitenge, akavipima. Kila kiti kinapoishia akapiga fundo. Akanikabidhi utepe ule wenye mafundo matatu. "Gari lolote utakaloliona, pima kiti cha nyuma kwanza. Rangi baadaye."

Mwanamke ana akili kunishinda mimi, nilijua hilo tangu zamani. Laiti ningelifuata!

Nikaenda Mlowo kwa dalali mmoja wa magari. Alikuwa na gari mbili nilizozipenda, bei zinakaribiana. Moja Noa nyeupe, ile ya safu tatu za viti. Nikaingiza utepe, mafundo yote matatu yakalala ndani na nafasi ikabaki. Dalali akasema, "Bosi, hii ndiyo ya wenye watoto. Mlango unateleza, mama anamfunga mtoto mkanda hata mgongo haumuumi. Na barabara ya ukweni kwako Ileje inapanda bila kugusa chini."

Ya pili ilikuwa gari ndogo nyeusi ya saluni, imelala chini, inang'aa mpaka unajiona meno. Jamani, ile gari! Nikaingia, nikashika usukani, nikajiona mtu.

Nikapima nyuma. Mafundo mawili yakaingia. La tatu likaning'inia nje ya mlango.

"Bosi, cha tatu hapa hakikai," dalali akasema.

Sababu niliyompa nilikuwa nayo tayari, na ilikuwa ya kuchekesha. Nilimwambia Noa zote njia hii ni za abiria, nikiendesha hiyo watanisimamisha kila kituo wenye magunia yao, wakinidhani dereva wa abiria, "Suka, Vwawa bei gani?" Tukacheka sana. Lakini ya moyoni haikuwa hiyo. Ya moyoni ni kwamba nilitazama kiti cha nyuma nikahesabu: Swedi, Zuhura. Wangu wawili. Wanatosha.

Nikalifungua lile fundo la tatu kwa vidole hivi hivi vinavyoandika. Nikakunja utepe, nikaweka mfukoni, nikachukua nyeusi.

Kesho yake nikaenda Nakonde kununua viti. Mke wangu alikuwa kazini, nikamchukua Tumpe anisindikize. Kwa nini nilimchukua yeye, hata leo sijui. Mama muuza mitumba, Mbemba mmoja mcheshi, akaniuliza kwa lugha yao, "Abana banga, batata?" Watoto wangapi, baba?

Sisi wa mpakani hesabu zao tunazijua. Nikamjibu, "Babili." Wawili.

Tumpe alikuwa amenishika kidole. Na yeye hucheza siku nzima na watoto wa jirani waliohamia kutoka Nakonde, anaijua lugha kunishinda. Akaninyanyulia macho. Halafu taratibu, kama mtoto anayemsahihisha mtu mzima kwa adabu, akamwonyesha yule mama vidole vitatu.

Nikaushusha mkono wake. Nikasema, "Huyu ananisindikiza tu."

Ee Mola wangu!

Nyumbani nikadanganya kwamba utepe ulifunguka fundo mfukoni, na kwamba yule mama alibakiwa na viti viwili tu, cha tatu kitakuja. Mke wangu alilitazama lile gari kwa muda mrefu. Akafungua mlango wa nyuma, akaweka kiganja chake katikati ya viti viwili, kikaenea kiganja basi. Akasema, "Hata kikija hicho cha tatu, utakiweka wapi?" Nikamwambia tutaona mbele ya safari.

Mbele ya safari tukaona. Kila tulipotoka, Tumpe alibaki kwa Mama Salma. Na nilikuwa na jibu tamu: "Si wewe mwenyewe umesema mtoto hapakatwi garini?" Nilichukua neno lake la kuwalinda watoto nikamfungia nalo mdomo. Kuna siku alikataa kumwacha, akasema yeye na Tumpe watapanda basi, nitangulie na wadogo. Nikatangulia kweli! Nikawapita kituoni, nikapiga honi.

Tumpe halii. Ndiyo tabia yake. Akisikia injini anakwenda kusimama kwa Mama Salma kwenye ua wa mabanzi, anapunga mkono mpaka tunaingia barabarani. Baadaye akaacha kupunga. Baadaye hata kutoka nje akaacha.

Halafu akaanza kupungua. Nguo zikampwaya. Mke wangu akampeleka kazini kwake akampima, malaria hana, minyoo hana, lakini mzani unashuka kila wiki. "Mwanangu ana nini?" anauliza, na mimi nasema watoto wanarefuka, hurefuka hivyo. Wala sikuwa na wasiwasi. Huo ndio ukweli, na ndio unaoniuma zaidi.

Ikafika harusi ya mdogo wa mke wangu, pale Mlowo. Asubuhi nimeoga, nimevaa suti, natoka kwenda kuwasha gari. Nafungua mlango wa nyuma nimweke Zuhura, nakuta Tumpe yumo ndani.

Amevaa gauni lake la sikukuu. Amejipenyeza kwenye ule mwanya katikati ya viti, kajikunja mabega, pumzi kaibana. Akaniambia huku anatabasamu, "Baba, tazama! Nimekonda. Sasa naenea."

Mnasikia? Sasa naenea.

Na mimi nikasema nini? Nikasema, "Shuka, tunachelewa." Nikamshika mkono nikamtoa.

Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Akaweka mkoba wake chini, akachuchumaa, akamuuliza Tumpe kwa sauti ya chini, "Umekondaje, mama?"

"Ugali wangu nawapa kuku wa Mama Salma," mtoto akasema. "Nikimaliza chakula nitanenepa, nitabaki tena."

Mama Salma alikuwa upande wa pili wa ua, kasikia. Mwanamke yule asiyekosa neno, siku ile alijifunika uso kwa kanga.

Mke wangu hakupiga kelele. Alinyanyuka akanitazama, akasema, "Nenda harusini. Wewe na gari lako."

Sasa ngojeni niwaambie kosa kubwa kuliko yote. Nilikwenda! Nilidhani ni hasira za wanawake, zitapoa. Nikaendesha mpaka Mlowo peke yangu, nikakaa kwa watu wake, wakaniuliza mbona peke yako, nikawajibu mtoto anaumwa kidogo. Nikala pilau. Vijana wakaizunguka gari wanaisifia, na mimi nikawafungulia boneti waone injini.

Narudi saa tisa alasiri, mlango umefungwa. Ufunguo uko kwa Mama Salma. Akanipa kupitia ua, hakunitazama. "Wamepanda gari la Isongole, kwao Ileje," akasema. "Wote wanne."

Mwaka umepita sasa. Aliomba uhamisho, anafanya kazi kulekule kwao. Ile nyeusi niliiuza, nikanunua Noa. Nikaenda Nakonde nikaleta kiti cha tatu, cha mtoto mkubwa. Nikavipanga vyote vitatu, mafuta tele, na hakuna wa kumfunga mkanda. Njiani watu wananisimamisha wakidhani nabeba abiria, na mimi siku hizi nasimama. Wanakaa mbele na kule nyuma kabisa, viti vya watoto siruhusu mtu aguse. Nauli sitaki. Nataka tu watu waongee humo ndani, hata wakiongelea bei ya mahindi. Wakishuka huwa nakaa kwanza kabla ya kuondoa gari.

Mwezi uliopita nikajipa moyo, nikapandisha Ileje. Mama mkwe akanipokea vizuri, akanipa kiti upenuni mwa jiko, akaniletea ndizi. Watoto wakaja. Swedi alinirukia. Zuhura alinishangaa, hanijui. Tumpe alipiga magoti akaniamkia, "Shikamoo," akaishia hapo. Amenenepa, mashavu yamejaa, kapendeza. Nilimwangalia nikaelewa kwamba mtoto huyu amepona kwa kukaa mbali na mimi.

Nililia, sioni haya kusema. Nilimwomba mke wangu msamaha, nikakiri yote, fundo, Nakonde, vidole vitatu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nimekusamehe. Lakini aliyeachwa si mimi. Kamuulize mwenyewe."

Mama mkwe akaongeza, "Mkwe, hatujakufukuza. Ila mtoto hatutampakia kwa nguvu."

Nikaenda kufungua ule mlango wa kuteleza. Nikamwonyesha Tumpe kiti chake, kipya, cha bluu, katikati ya wenzake. Nikamwambia, "Njoo mwanangu, tuzunguke kidogo tu hadi sokoni turudi. Hiki chako."

Swedi alikwishapanda, anaruka ruka. Tumpe alikitazama kile kiti. Hakuwa na hasira hata kidogo, ningefurahi angekuwa na hasira. Akanijibu kwa upole, kwa adabu ileile:

"Nendeni tu, mimi nitabaki. Nimezoea."

Swedi kusikia hivyo akashuka. Akaenda kusimama karibu na dada yake, akamshika kidole.

Nikateremka Mpemba na viti vitatu vitupu, vumbi limejaa mpaka kwenye mikanda.

Ndugu zangu wanaume, mnaopanga kununua gari la familia, mtauliza injini, mtauliza mafuta, mtauliza rangi. Ulizeni. Lakini kwanza hesabuni watoto, kwa sauti, wenyewe wakiwa wanasikia. Na wewe uliyemkuta mtoto kwa mama yake ukasema ni wako, huyo ndiye wa kwanza kumfungulia mlango. Mfungulie leo, angali anabana pumzi ili akae na wewe. Usisubiri mpaka akwambie amezoea.