Siku ya Kipaimara Shemeji Alikuwa Nyumbani

Shemeji yangu, mume wa dada, hukagua winchi za viwandani. Hupanda juu, huangalia kamba za chuma, ndoano na breki, huinua mzigo wa majaribio, kisha huandika cheti kwamba winchi ni salama. Naishi kwao Visiga tangu nimalize darasa la saba.

Mwaka huu kamba ya winchi ilikatika kwenye kiwanda kimoja Kisarawe. Nondo zilimwangukia mfanyakazi, zikamvunja mguu. Siku chache baadaye polisi wakamchukua shemeji.

"Kamba ikatike Kisarawe, wamkamate mtu wa Visiga!" dada alisema. "Kwani aliikata yeye?"

Mpelelezi alikuja dada akiwa amempelekea shemeji chakula kituoni. Nilimwamkia. Akaniuliza kama nakumbuka siku ya kipaimara ya binti wa shemeji. Mimi si mtu wa maneno, lakini hapo niliona nafasi ya kumwokoa.

"Nakumbuka, afande. Shemeji hakutoka kabisa. Tulitoka kanisani, akakaa hapo nje kukata nyama, wageni wakimtania kwamba minofu anajiwekea mwenyewe. Mpaka usiku alikuwa hapa."

"Kisarawe hakwenda?"

"Hata kidogo! Waulize majirani."

Aliandika, akanipa nisome. Nilisoma polepole. Yote yalikuwa maneno yangu, nikatia sahihi.

Dada aliporudi nilimsimulia kwa furaha. Akakaa chini sakafuni.

"Mdogo wangu, umemmaliza. Cheti kinasema siku ile alikuwa juu ya winchi ya Kisarawe, akiikagua."

Sikuelewa, na mpaka leo sijaelewa vizuri. Najua mtu akituhumiwa wizi, anaponea kwa watu waliomwona mahali pengine. Shemeji anashtakiwa kwa sababu hakuwepo.

Alipopata dhamana nilimuuliza, macho yangu yakiwa chini.

"Shemeji, kweli hukwenda?"

"Mwaka uliopita niliikagua, ilikuwa nzima. Safari hii watu wa kiwanda walikuwa na haraka, na mimi nina sherehe. Nikasema naandika cheti, nitapita baadaye."

"Ukapita?"

Aliinuka akaenda kulala, jua bado lipo.

Dada alinisihi niseme mahakamani kwamba nimesahau. Shemeji hakunisihi chochote, na hilo lilinichanganya zaidi. Ana watoto, na mimi nakula kwake.

Siku ya kesi, Kisarawe, nilikaa kwenye benchi nje karibu na mwanamume mwenye magongo. Ndiye aliyeangukiwa na nondo.

"Dogo, wewe shahidi wa nani?"

"Wa shemeji yangu," nilimjibu.

Kisha karani akaita mashahidi wa Jamhuri, upande unaomshtaki shemeji. Jina la kwanza lilikuwa langu. Niliingia, nikarudia yaleyale niliyomwambia mpelelezi, kwa sauti ndogo hadi hakimu akaniambia niongeze. Dada alikuwa anatazama dirishani.