Mkwe Aliyesimama Mlangoni

Naikumbuka asubuhi moja hapa kwangu Giakanja, mwanangu, na kila nikiikumbuka huwa naanza kucheka kabla machozi hayajafika. Nimezika mume, nimelea watoto, nimevuna kahawa ya bei nzuri na ya bei ya aibu. Kuishi kwingi ni kuona mengi. Lakini sikuwa nimeona mtu mwema akikaribia kuniua kwa adabu. Keti hapo, uji wako upoe kidogo, nikusimulie.

Kwanza ujue ukwe ulikuwa nini kwetu. Nilipokuwa msichana, mama yangu akimwona mume wa dada yangu anakuja njiani, alikuwa anaingia katikati ya mibuni na kugeuza uso mpaka apite. Si chuki, la! Mkwe, muthoni kama tunavyosema, aliheshimiwa hivyo. Hamshikani mikono, hamkai kiti kimoja, na chumba anacholala mama mkwe, mkwe hatii mguu hata nyumba ikivuja. Nilikulia humo. Basi na mimi nilipopata mkwe, Mwangi, mume wa binti yangu Wambui, nilikaa naye vivyo hivyo. Ni mtu mpole, ana pikapu ya kubeba chakula cha ng'ombe. Akija kwangu alisimama mlangoni, kofia mkononi, akaniamkia huku anaangalia viatu vyake. Mimi nikawa najisifu kanisani kwa wanawake wenzangu: "Mwangi wangu ako na heshima, si kama hawa wa siku hizi." Wivu wao niliufurahia sana, Mungu anisamehe.

Asubuhi hiyo alinipigia simu mapema, nikiwa nakamua. Akasema analeta gunia la chakula cha ng'ombe. Nikamwambia alete, na asisahau chumvi ya ng'ombe kama alivyosahau juzi. Tukacheka, nikamaliza kukamua, nikaingia chumbani kuvua gamboti, vile viatu vyangu vya mpira.

Nikainama, mkono wa kulia ukakataa. Nakwambia ulikataa, kama punda anavyokataa mlima. Nikajaribu kusimama, mguu nao ukaungana na mkono, nikaanguka katikati ya kitanda na ukuta. Sikusikia maumivu yoyote. Huo ndio ubaya wa kiharusi, au stroki kama tunavyoiita huku: hakikuumi ili ukimbie. Nilitaka kumwita Yesu, mdomo ukatoa sauti ya ndama.

Sijui nililala pale kwa muda gani. Nikasikia pikapu, nikasikia gunia likishushwa.

"Hodi, mama!"

Nikajibu kwa mguno. Akaingia mpaka sebuleni. Pazia la chumba lilikuwa wazi nusu, na najua aliiona miguu yangu sakafuni, kwa sababu nilisikia viatu vyake vikirudi nyuma.

"Mama? Uko sawa?" Nikaguna tena. "Mama, nikuitie nani?"

Eti aniitie nani! Mwanangu, nilikuwa nasikia kila kitu. Kichwani mwangu neno lilikuwa moja tu: ingia. Nililisukuma kwa nguvu zangu zote na halikutoka. Nikalia. Nilijua nakufa, ama nabaki gogo la kulishwa na kugeuzwa, na mtu wa kuniokoa amesimama nyuma ya kipande cha kitambaa, anaogopa kuniona gauni likiwa limepanda magotini.

Akampigia Wambui, ambaye alikuwa sokoni Karatina na viazi vyake. Sauti ya binti yangu ilitoka kwenye ile simu mpaka nikaisikia huko nilikolala.

"Si uingie! Mwangi, ingia uangalie mama yangu!"

"Wambui, hii ni chumba ya mama. Ngoja nitafute mwanamke."

Akatoka mbio. Usimcheke. Mtu asiye na adabu angeingia bila kufikiri. Huyu alikuwa anafanya vile mimi mwenyewe nilivyopenda afanye, na moyo wake ulikuwa unapasuka. Ameniambia baadaye kwamba alikuwa analia akikimbia.

Jirani aliyempata ni Cucu Nyambura; cucu kwetu ni bibi. Huyo ni mzee kuliko mimi, ana nyonga mbovu, anatembea na fimbo. Mwangi alimpakia kwenye pikapu kwa safari ambayo mbuzi angeimaliza akitafuna. Cucu akaingia, akalivuta pazia, akainama kidogo tu kwa sababu ya ile nyonga, akanitazama usoni.

"Mdomo umeenda upande," akasema. "Hii ni stroki. Mwangi! Kuja umbebe."

"Cucu, mimi? Huyu ni mama mkwe."

Mwanangu, nimekemewa na baba, nimekemewa na mama mkwe wangu aliyekuwa na ulimi wa upupu, lakini sijasikia kemeo kama lile. Cucu aligeuka, akaipiga sakafu kwa fimbo.

"Ati mama mkwe! Na ukingoja wanawake waje, utamheshimu akiwa kwa jeneza? Mimi siwezi kumwinua, niko na nyonga mbaya. Heshima ni ya mtu ako hai. Mficha uchi hazai, we Mwangi! Mbebe!"

Basi Mwangi akaingia. Alivua koti lake akanifunika miguu, akaniinua kama mtoto, na macho ameyafumba hivi mpaka nusura anigongeshe kichwa kwenye mlango. Nikasikia moyo wake unavyodunda. Hatukuwa tumewahi kugusana hata vidole tangu siku wazee walipokunywa pombe ya mahari.

Sasa hata Cucu naye, pamoja na ujasiri wake, alikuwa ameshatoka jikoni na kikombe cha chai ya sukari, eti anitie nguvu. Wambui alikuwa bado kwenye simu, akamsikia Cucu akiitaja chai, na hapo akapiga kelele: "Msimpe kitu mdomoni! Atakabwa! Msipitie zahanati, nendeni moja kwa moja Nyeri, hospitali kubwa, kuna mashine ya kupiga kichwa picha!" Kuna nesi huja pale sokoni kuwapima wauzaji presha, na huwaeleza mambo hayo. Wengi humsikiliza huku wanapanga nyanya, kumbe Wambui alikuwa ameshika. Cucu akainywa ile chai mwenyewe.

Tulipofika, daktari hakuuliza jina langu kwanza. Aliuliza, "Mara ya mwisho alikuwa mzima saa ngapi?"

Wengine walioletwa siku hiyo, watu wao hawakujua. Waliwakuta hivyo kitandani. Mwangi akatoa simu, akamwonyesha saa tuliyoongea asubuhi. "Hapa alikuwa anaongea vizuri. Ata alinichokoza juu ya chumvi." Daktari akamwambia, kwa kweli, hilo ni jambo kubwa ameleta.

Nitakueleza nilivyoelezwa, maana nilikuja kuuliza sana nilipopata ulimi. Kiharusi ni cha namna mbili. Kuna pale damu inapoganda na kuziba mshipa wa ubongo, na kuna pale mshipa unapopasuka damu ikamwagika. Ukimtazama mgonjwa kwa nje huwezi kutofautisha. Ndiyo maana nililazwa kwenye ile mashine ya duara inayovuma kama kinu cha posho, ikaupiga ubongo wangu picha. Wakaona kwangu ni kuziba. Iko dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inaingizwa kwa mshipa wa mkono. Lakini ina saa zake, tena ni chache. Zikipita, ama wasipojua ugonjwa ulianza lini, mara nyingi hawathubutu kuitoa kwa sababu inaweza kukumwagia damu kichwani. Mimi niliipata saa zikielekea kwisha. Ule muda Mwangi aliosimama mlangoni, ungeongezeka kidogo tu, ningekuwa nakutazama sasa hivi bila kukuambia kitu.

Mama yangu naye alipigwa na ugonjwa huuhuu nikiwa na mtoto wa kwanza mgongoni. Tulisema amepitiwa na upepo mbaya. Tukamlaza, tukamkanda kwa maji ya moto, tukamwombea, tukampenda, akaishi na nusu ya mwili mpaka Mungu alipomchukua. Hakuna aliyemkosea. Hatukuwa na kingine cha kumpa, na hiyo bado inaniuma.

Jioni ile vidole vyangu vilicheza kidogo. Wambui alikuwa amefika na tope la soko kwenye viatu, akapiga magoti palepale wodini. Lakini usifikiri niliinuka nikaenda kukamua. Dawa ilifungua njia, kazi ikabaki kwangu. Nilirudi nyumbani mkono umelala na maneno yamenikimbia. Nikitaka kusema maji nasema mlango. Nikiona mtu hanielewi naongeza sauti, na mlango unabaki kuwa mlango.

Halafu wakaja wageni. Unatujua sisi, mgonjwa haonwi na mikono mitupu. Mukimo wa viazi vilivyopondwa, njahi, yale maharagwe yetu meusi, uji, vikapu vimejaa sebule. Na kila mmoja anataka kunilisha kwa kijiko chake, maskini, kwa upendo. Mimi nafungua mdomo kama kifaranga na mkono wangu unazidi kulala. Msichana mmoja wa mazoezi ya viungo, aliyekuwa anakuja kutoka Nyeri, alitukuta hivyo siku moja. Mdogo wa mwili, mkali wa macho. Akauvisha soksi mkono wangu wa kushoto, ule mzima, akaufunga! Akamwaga maharagwe yenye maganda mbele yangu. "Huu mkono mvivu ndio utafanya kazi, mama. Ubongo unaweza kujifunza njia mpya, lakini haujifunzi mkono ukilala." Akawaambia wageni waweke vijiko chini. Shangazi mmoja amenuna mpaka leo.

Na kwa maneno, alinifundisha nianze kwa kuimba. Ajabu ya Mungu, kuzungumza sikuweza, lakini nyimbo za kanisani zilitoka na maneno yake yote. Akasema nyimbo zina njia nyingine kichwani. Basi nikawa naimba kuomba chumvi.

Siku za soko, Wambui yuko Karatina. Nani wa kuninyoosha vidole? Mwangi. Alifundishwa namna ya kukunjua kimoja kimoja. Alikuja kila asubuhi ya soko, akaketi, akaushika mkono wangu huku uso ameugeuza kwenye kalenda ukutani. Ile kalenda nafikiri aliijua yote kwa moyo. Mimi nami naangalia paa. Aibu ilikuwa imejaa chumba! Lakini bandu bandu huisha gogo. Kidole kikakunjuka, kikafuata kingine. Siku moja nikasahau kuangalia paa, nikamwona mkwe wangu kwa mara ya kwanza. Ana kovu dogo hapa kidevuni. Miaka yote hiyo sikujua.

Tulipofika hapo, wakaja shemeji zangu wawili, ndugu za marehemu mume wangu. Wakanywa chai, wakakohoa, wakaangaliana. Mkubwa wao akasema, "Mwangi alimbeba mama mkwe, tena akamtoa kwa chumba yake. Hatusemi alifanya vibaya. Lakini mila ni mila. Atoe mbuzi, hii kitu ioshwe, isilete mikosi."

Mwangi akainamisha kichwa. "Nitatoa, baba."

Mwanangu, hasira iliyonipanda! Mpaka siku hiyo nilikuwa natoa neno moja moja kama kuku anayedonoa. Nikauinua mkono huu wa kulia, ukitetemeka, nikamwonyesha shemeji kidole.

"Mbuzi," nikasema. "Mbuzi... nitatoa... mimi. Nampa... yeye."

Shemeji mkubwa alirudisha kikombe chake mezani. Yule mdogo akaanza kucheka, akacheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Mwangi alitoka nje upesi, akaenda kusimama nyuma ya pikapu yake, na sisi tukajifanya hatumsikii. Jioni alienda na mbuzi jike wangu mzuri, ana mimba, na hakuna aliyedai kingine.

Sasa nisikilize vizuri. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka, na kwa kulima na kuoa walisema kweli. Kwa kiharusi sivyo. Ukiona mdomo wa mtu umeenda upande, ama mkono umelegea, ama maneno yamevurugika, usimpe chai, usimwambie alale kidogo, usitafute nani anaruhusiwa kumshika. Kumbuka lini alikuwa mzima, umkimbize palipo na mashine ya kichwa. Na kama ana presha, dawa ameze hata siku anajisikia vizuri, maana presha haina kelele. Akirudi nyumbani, mpende, lakini mwache ahangaike na kijiko chake. Kumlisha ni rahisi. Kazi ni kumvumilia anapomwaga. Wazee wako nao uwaambie leo, wakiwa na ulimi, kwamba siku wakianguka utawashika, na waseme ndiyo. Mimi sikuwa nimemwambia Mwangi, na ilibaki kidogo nisiweze kumwambia kamwe. Heshima si utumwa, mwanangu.

Haya, kunywa uji. Mungu akuzeeshe ukiwa na mikono miwili na ulimi mrefu kama wangu. Na siku ukianguka, kwa maana sote tutaanguka, akukutanishe na mtu atakayekubeba kwanza, aibu aione baadaye.