Mabaka Matatu Kwenye Kifaru cha Kiganjani

Kifaru changu cha kwanza kilitoka kama ng'ombe wa maziwa. Nilikuwa nimekipaka kijani, kahawia na nyeusi kwa brashi nyembamba, wikendi nzima, kwangu Kitale. Nilipomtumia mdogo wangu picha kwa simu, alijibu, "Huyu anatoa lita ngapi kwa siku?"

Sisemi kifaru wa porini. Nasema kifaru cha vita, mfano wa plastiki unaotosha kiganjani. Unakuja vipandevipande ndani ya boksi, unaviunganisha kwa gundi, kisha unapaka rangi mwenyewe. Mwenzangu pale maabara tunakofanya kazi alirudi kutoka masomoni ng'ambo akaniletea maboksi mawili. Alisema mtu anayeshinda akichungulia hadubini hawezi kushindwa na vitu vidogo.

Kuunganisha hakukunishinda. Kilichonisumbua ni mabaka, yale ya kuficha kifaru kichakani. Rangi moja inatakiwa iingie kwenye nyingine polepole, lakini brashi yangu ilikuwa inaacha mipaka mikali kama ramani ya kaunti. Kwa kifaru cha pili nikabuni njia yangu. Nilikanda unga wa chapati, nikausokota mwembamba kama minyoo, nikaupanga kuzunguka sehemu za kijani, kisha nikadonadona kahawia kwa kipande cha sponji. Halafu nikaenda kanisani. Siku hiyo mahubiri yalikuwa marefu. Niliporudi unga ulikuwa umekauka kama mfupa, na nilipoubandua uliondoka na nusu ya kijani changu.

Nilimpigia mdogo wangu. Yeye anapaka kucha Bungoma mjini, na ana kimashine cha kupulizia rangi chenye ncha kama ya kalamu.

"Kuja na hicho kifaru Jumamosi," akasema. "Na huo unga uache nyumbani."

Jumamosi hiyo alinikalisha kwenye kiti cha wateja, akanipa kucha za plastiki za kujifunzia. Nilibonyeza kwa nguvu, rangi ikamwagika yote mahali pamoja.

"Dada, si hivyo. Shika kama umeshika kifaranga. Mkono uanze kutembea kwanza, ndiyo ubonyeze."

Niliharibu kucha kumi na mbili. Ya kumi na tatu ilitoka na baka laini, lisiloonyesha lilipoanzia wala lilipoishia. Mama mmoja aliyekuwa anangoja kucha zake zikauke alisogeza kiti ili aone vizuri.

Nilikuwa nimerudishia kijani kwenye kifaru, na ndiyo nimemaliza kahawia, baba alipoingia. Alikuwa ametoka nyumbani kwake Kamukuywa kuja mjini kuchukua miwani yake mpya, na alitaka kuijaribu kwa kila kitu. Akakiinua kifaru karibu na uso.

Baba alikuwa jeshini miaka mingi. Tukiwa wadogo tulijua tu kwamba anaondoka, na kwamba akirudi analeta biskuti. Ukimuuliza alifanya nini huko, alisema, "Nilikuwa fundi," akawasha redio.

"Mama," akaniita. Huniita hivyo kwa sababu nimerithi jina la mama yake. "Rangi si mbaya. Lakini umefuata pembe."

"Pembe gani, baba?"

"Hii. Kila baka lako linaishia ukingoni. Jicho la mtu linatafuta pembe. Sasa umemwonyesha adui sanduku lilipo. Baka lazima livuke. Lianzie juu, literemke ubavuni, hata kwa mlango lipite tu."

Mimi na mdogo wangu tukatazamana.

"Ulijuaje hayo?" akauliza mdogo wangu.

"Si ndiyo kazi nilikuwa nafanya? Malori, magari ya kivita, yote. Tulikuwa tunachora kwa chaki kwanza, mwingine anasimama mbali huko, anapiga kelele: futa hiyo, naona taa."

Aliomba penseli. Mstari aliouchora ulipanda juu ya kifaru na kushuka upande wa pili bila kusita. Nilipuliza rangi nikifuata mstari huo, naye akasimama mlangoni, hatua sita kutoka kwangu, akitoa amri. Alinifutisha mara tatu. Kwa saa nzima alizungumza juu ya jeshi zaidi kuliko alivyozungumza katika maisha yetu yote: jinsi walivyochanganya rangi kwenye mapipa, jinsi alivyokwenda kula chakula cha mchana na sikio moja la kijani, jinsi mkubwa wao mmoja alivyozunguka kichaka akitafuta gari lake mwenyewe na wao wamebana vicheko.

Kucha za yule mama zilikuwa zimekauka zamani, lakini hakuondoka.

"Nipakie hiyo jungle, hayo mabaka ya jeshi," akamwambia mdogo wangu, akinyoosha vidole viwili. "Hivi tu."

"Ivuke pembe," baba akasema.

Kifaru hicho kiko Kamukuywa sasa, juu ya kabati la vyombo. Mimi nilirudi Kitale mikono mitupu. Jumanne baba akanipigia simu nikiwa kazini, jambo ambalo hafanyi kamwe, hata nikadhani kuna mgonjwa.

"Mama, nimekumbuka," akasema. "Yale malori ya kwenda kaskazini yalikuwa ya rangi ya mchanga. Hiyo hujajaribu. Utakuja lini?"