Sauti Isiyo na Salamu

Tangu ile Jumapili ya ndovu, Tryphena wa Sagalla hakuamini tena kitu chochote kilichotoka kwenye simu.

Jumapili hiyo alisimama kanisani akawasimulia waumini jinsi ndovu alivyopiga magoti nje ya kanisa moja kusikiliza kwaya. Video alikuwa ameiona kwa macho yake, akaililia, kisha akaisambaza kwa akina mama wote wa kikundi. Walipokuwa wakipanda mlima kurudi nyumbani, binti yake Lynn, aliyekuja likizo kutoka chuoni, alimwambia taratibu kwamba ile video imetengenezwa na kompyuta. Ndovu hayuko, kwaya haiko, hata kanisa lenyewe haliko. Kabla ya wiki kuisha, soko zima la Voi lilikuwa likimwita Mama Ndovu, au ndivyo alivyosikia yeye, ambaye husikia akisemwa hata na mashine ya kusaga unga.

Basi akajiwekea sheria: anayepiga simu ajibu swali kwanza. Pasta aliulizwa chai aliyokunywa kwake mara ya mwisho ilikuwa na tangawizi au haikuwa. Mumewe Mwandawiro, anayefanya kazi kwenye shamba la mkonge na kurudi mwisho wa wiki, aliulizwa ni mbuzi yupi wa mahari aliyekuwa akichechemea. Mume akakata simu. Tryphena akaridhika kabisa: huyo ndiye Mwandawiro mwenyewe.

Lynn alimwona mama yake ameiva kwa masomo makubwa. Wakichambua mbaazi, akamweleza kwamba hakuna mtu anayeweza kuthibitisha kuwa haoti ndoto, na kwamba huenda dunia nzima ni mchezo ndani ya kompyuta ya mtu fulani.

"Na huyo mtu," Tryphena akauliza, "ndiye aliyeamua Sagalla tukose maji?"

"Labda, Mama."

"Basi nipe namba yake."

Alitania, lakini moyoni alishtuka. Mtoto asiye na hakika kama sufuria ipo, atakumbuka kuiepua? Yeye hakika yake ilikuwa shambani, kwenye mteremko chini ya nyumba: mahindi yaliyobeba vizuri baada ya misimu mitatu ya kuvuna mabua. Kuyazunguka palipita waya uliotundikwa mizinga ya nyuki. Ndovu akiugusa, mizinga hutikisika, nyuki hutoka na kumfukuza. Upande wa bondeni tu ndio waya ulikuwa umekatika, na Tryphena alikuwa akisema kila siku kwamba ataufunga kesho.

Alasiri moja simu ikaleta ujumbe wa sauti kutoka kwa Wakio, jirani wa bondeni. Ndovu amevuka korongo anapanda, funga waya, piga debe. Basi.

Lynn akainuka. Mama yake akamketisha. Sauti ilikuwa ya Wakio, hakukataa, lakini Wakio gani huyo? Wakio hajawahi kuomba hata chumvi kabla ya kuuliza umeamkaje, watoto wameamkaje, mguu unaendeleaje, na ng'ombe wa shemeji amezaa nini. Huyu hakusalimia hata kidogo. "Wameiba sauti yake," Tryphena akasema, "ila adabu yake imewashinda." Akamwandikia huyo mwizi swali kuhusu harusi ya Evelyn, waliyoihudhuria pamoja, akakaa kungoja jibu.

Jibu lilikuja kwa mlio wa mabua yakivunjika.

Ndovu alikuwa mmoja, dume, ameingia palepale penye waya uliokatika, na hakupiga magoti. Tryphena alishika sufuria na mwiko akapiga. Lynn, ambaye kwake dunia ilikuwa huenda-huenda tu, alikimbia hadi kwenye waya uliobaki, akaushika kwa mikono miwili na kuutikisa mpaka mizinga ikacheza. Nyuki walitoka kama moshi. Dume likapiga masikio, likageuka, likateremka bondeni na vumbi lake. Mistari ya chini ya mahindi ilikuwa imelala. Mingine yote ilisimama.

Nyuki mmoja hakumfuata ndovu. Mdomo wa Lynn ulikuwa unafura.

"Pole, mwanangu," Tryphena akasema, akiutoa mwiba kwa ukucha. "Huu nao ni mchezo?"

"Unauma, Mama."

"Nilikuwa nauliza tu."

Wakio akafika akihema, leso mkononi, debe limebonyea.

"Mama Lynn, mbona hukufunga waya? Nimekutumia sauti."

"Hukunisalimia."

Wakio aliyatazama mabua yaliyolala, akamtazama Lynn na mdomo wake, kisha akamgeukia Tryphena. Halafu akaweka debe chini, akafunga leso vizuri, akanyoosha mkono.

"Mmeshindaje hapa?"

"Tumeshinda salama," Tryphena akajibu, akiupokea mkono.

"Mtoto?"

"Mzima. Amefura kidogo."

"Na mguu wako?"

Tryphena akaanza kumweleza habari za mguu, kwa kirefu, huku wote watatu wakiushika waya na kuuvuta kuufunga.