Sifuri Nane za Novatus

Nesi Xaveria Kokwijuka alizaliwa Muleba, lakini miaka kumi na minne ya kupanda na kushuka vilima vya Kimuli imemfanya mtu wa Kyerwa, apende asipende. Ana mwendo wa haraka na ulimi usiokawia, na hakuna anachokichukia kama kikao ambacho watu wanatikisa vichwa kukubali huku mawazo yao yako kwenye migomba. Kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi huwakusanya wahudumu wa afya wa vijijini kwenye baraza ya zahanati, hubandika takwimu ukutani, na kuuliza swali lake lile lile: "Hizi namba zinatuambia nini?"

Mwezi huo namba zilikuwa na uzito. Mradi uliowaletea bajaji ya kubebea wajawazito ulitaka kuiondoa kwenye kijiji cha mlimani, anakohudumu Novatus, mmoja wa wahudumu hao, na kuipeleka kule ambako vichanga wanakufa zaidi. Uamuzi ungetokana na taarifa ya Xaveria, nayo ilitakiwa siku hiyo hiyo kabla ya saa kumi jioni. Na kwenye safu ya vifo vya vichanga, kijiji cha Novatus kilikuwa na sifuri miezi minane mfululizo.

Wenzake walimpigia makofi, kama walivyofanya kila mwezi. Stephania, aliyewazidi wote umri, alimtania awagawie na wao hiyo dawa yake. Novatus hakucheka. Alikuwa anatazama mikono yake.

Safari hii Xaveria naye hakupiga makofi. Macho yake yalikuwa kwenye safu ya jirani. Katika miezi hiyo minane, akina mama ishirini na mmoja wa mlimani walikuwa wameshikwa na uchungu ghafla wakajifungulia nyumbani. Watoto wao waliofika kupata chanjo ya kwanza walikuwa kumi na watano. Alipiga hesabu hiyo mara mbili, na jibu likawa lile lile.

"Bwana Novatus, watoto sita wako wapi?"

Novatus alifunua daftari lake, akalifunga.

"Wamehamia Uganda kwa ndugu?"

"Hapana, waitu," alijibu kwa neno la heshima la kwao. "Nesi, daftari linaanza na jina. Kwetu mtoto hapewi jina mpaka kitovu kidondoke na mama atoke nje. Hao hawakuifikia siku hiyo. Ningeandika nini?"

Hakuwa ameficha kitu. Alijaza daftari kama alivyofundishwa, jina kwanza na mengine baadaye, na asiye na jina hakupata mstari. Aliyemfundisha ni Xaveria mwenyewe, akiwa amesimama pale pale barazani, akisisitiza kwamba mstari usio na jina ni uchafu. Aibu ilimshika hasa. Miezi minane alikuwa akiipokea ile sifuri kwa furaha, akauliza kila namba inasema nini isipokuwa hiyo.

"Andika 'Mtoto wa', halafu jina la mama," alisema kwa sauti ya chini, akampa kalamu nene ya ubaoni.

Novatus aliandika kwenye lile bango la takwimu ukutani, taratibu, kwa herufi kubwa. Mtoto wa Restuta. Mtoto wa Kokuberwa. Mtoto wa Uwiduhaye. Alipomaliza wa tano mkono ulisimama.

"Bado mmoja," alisema Xaveria.

Akaandika: Mtoto wa Vero.

Pale barazani wote walimjua Vero. Ni mke wa Novatus.

"Aliishi siku tatu," alisema Novatus. "Siku ya nne nilileta taarifa ya mwezi hapa. Mkanipigia makofi."

Stephania alifunika uso kwa kitenge. Xaveria alichukua karatasi. Aliketi mezani akaandika taarifa: vifo sita, bajaji isiondolewe mlimani, na kosa la daftari ni lake yeye, si la mhudumu. Saa tisa na nusu aliituma kwa simu, na kabla ya saa kumi jibu likarudi kwamba bajaji itabaki.

Ndipo akaenda kukaa karibu na Novatus kwenye benchi.

"Alikuwa wa kike au wa kiume?"

"Wa kike," alisema Novatus, na machozi yakamtoka, maana tangu wamzike hakuna mtu aliyewahi kumuulizia mtoto huyo.